Hadithi Inaanzia Wapi? Msuko na Ugawaji wa Lawama

Kila mwisho wa mwaka swali moja hurudi katika mitihani yetu ya fasihi, maneno yake yakibadilishwa kidogo tu: fafanua msuko wa hadithi uliyosoma. Jibu lake tunalijua. Tunachora ngazi ya vidato vitano: utangulizi, kuchipuka kwa mgogoro, kilele, mshuko na suluhisho. Tunachukua matukio ya riwaya na kuyapanga moja moja juu ya vidato hivyo, tunaongeza sentensi mbili kuhusu taharuki na kisengerenyuma, tunapata alama zetu na kusonga mbele.

Hoja yangu ni kwamba ngazi hiyo, jinsi tunavyofundishwa kuipanda, inaruka jambo lililo kubwa kuliko yote katika msuko, yaani uamuzi wa msimulizi kuhusu mahali pa kuanzia. Vidato vyote vitano hutegemea uamuzi huo. Na kwa sisi tunaosomea lugha huku Uvira, kati ya ziwa Tanganyika na milima ya Mulenge, kuliruka jambo hilo kuna hasara inayozidi alama za mtihani. Huku kwetu watu wanaweza kukubaliana juu ya yaliyotokea na bado wakagombana juu ya lini hadithi ilianza. Anayeshika mwanzo ndiye anayegawa lawama. Kitivo cha lugha kisipolifundisha hilo, sijui ni kitivo gani kingine kitalifundisha.

Nianze na neno lenyewe. Msuko hutokana na kusuka. Mtu husuka nywele, husuka mkeka, husuka kikapu. Anayesuka hana uzi mmoja tu mkononi. Angalau anazo nyuzi tatu, na kazi yake ni kuamua upi upite juu, upi upite chini, na aanzie upande gani wa kichwa. Neno hilo linatuambia mambo mawili ambayo ngazi ya vidato vitano haituambii. Kwanza, matukio hayajisuki yenyewe, yuko mtu anayesuka. Pili, nyuzi zilezile zinaweza kutoa misuko mingi.

Wanaformalisti wa Urusi, akina Viktor Shklovsky, walilieleza hilo karibu miaka 100 iliyopita kwa istilahi mbili. Waliita matukio yenyewe, kwa mpangilio yalivyotokea katika wakati, fabula. Jinsi msimulizi anavyoyapanga, anavyoyakata na kuyapeleka kwa msikilizaji, waliita siuzheti. Kwa Kiswahili tunaweza kusema kwa urahisi: kuna kilichotokea, na kuna kinavyosimuliwa. Mwingereza E. M. Forster, mwaka 1927, aliongeza tofauti nyingine inayotufaa: kupanga matukio kwa wakati peke yake hakutoshi kuwa msuko, msuko hutokea pale msimulizi anapoyaunganisha kwa sababu. "Mvua ilinyesha, kisha nyumba ikaanguka" ni mfuatano. "Nyumba ilianguka kwa kuwa ilijengwa kwenye mkondo wa mto" ni msuko, na tayari ndani yake yupo mtu wa kuulizwa.

Na ile ngazi je? Mchoro wake unatokana na Mjerumani Gustav Freytag, katika kitabu alichokitoa mwaka 1863. Freytag alikuwa akichunguza tamthilia, hasa za Wagiriki wa kale na za Shakespeare. Hakuwa akizungumzia riwaya ya Kiswahili wala ngano zinazosimuliwa milimani kwetu, na si kosa lake kwamba sisi tumeufanya mchoro wake kuwa kipimo cha kila hadithi. Kwenye jukwaa, pazia linapofunguliwa, mwanzo umekwisha kuamuliwa. Mtazamaji haoni uamuzi. Anaona matokeo yake tu. Ndiyo maana ngazi huanza na neno "utangulizi" kana kwamba utangulizi ulikuwa unatungoja pale barabarani.

Nitoe mfano nilioutunga mwenyewe, lakini ambao hakuna mkaaji wa bonde la Ruzizi atakayeuona mgeni. Haya ndiyo matukio kwa mpangilio wa wakati. Moja: miaka mingi iliyopita, ardhi iliyokuwa njia ya ng'ombe inagawiwa mkulima ili alime. Mbili: kiangazi kinafika, majani yanakauka milimani, na mfugaji anashusha ng'ombe zake bondeni. Tatu: mfugaji analipa itulo, ile haki ya kulisha mifugo, kwa wakubwa wa kimila, lakini mkulima haambiwi kitu. Nne: usiku ng'ombe wanaingia katika shamba la mihogo. Tano: asubuhi mkulima anamkata ng'ombe mmoja mguu kwa panga. Sita: jioni vijana wa upande wa mfugaji wanampiga mtoto wa mkulima hadi anavunjika mkono. Saba: kesi inafika kwa mwami.

Sasa wasikilize wanavyosimulia. Mkulima anaanzia usiku ule: nilikuwa nimelala, nimelima mwaka mzima, ng'ombe wakaja wakanimalizia chakula cha watoto. Kwake, kuingia kwa ng'ombe ndiko kuchipuka kwa mgogoro. Panga lake ni jibu. Kilele ni kuvunjwa mkono kwa mtoto wake. Mfugaji anaanzia asubuhi: nilikuja kutafuta ng'ombe wangu, nimelipa kila kilichotakiwa, nikamkuta ng'ombe amelala na mguu umekatwa. Kwake, panga si jibu tena. Panga ndilo mgogoro wenyewe, na kipigo cha jioni ndicho jibu. Mama wa mtoto anaanzia jioni, kwa kuwa mtoto hakuwa na shamba wala ng'ombe. Na mzee wa kijiji, akiulizwa, anaanzia njia ya ng'ombe iliyogeuzwa shamba miaka ile. Katika hadithi ya mzee, mkulima na mfugaji wote wawili ni watu waliokutanishwa na uamuzi wa mtu wa tatu ambaye hata hayupo kwenye kesi.

Tazama kilichotokea hapo. Hakuna kati yao aliyesema uongo. Kila mmoja ametoa hadithi kamili yenye vidato vyake vitano, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angeweza kuichora. Lakini tukio lilelile, panga la asubuhi, limekaa kidato kimoja kwa huyu na kidato kingine kwa yule. Kwa hiyo tukio halina nafasi yake ya asili katika msuko. Nafasi yake hutolewa na mwanzo uliochaguliwa. Ukisogeza mwanzo hatua moja nyuma, uchokozi unageuka kuwa majibu. Ukiusogeza hatua moja mbele, majibu yanageuka kuwa uchokozi. Hili ndilo somo la msuko ninalotaka lifundishwe, na ngazi peke yake haiwezi kulifundisha.

Waandishi wetu wa Kiswahili wanalijua vizuri. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Kama riwaya ile ingeanzia chuoni Morogoro, tungesoma habari za msichana aliyepotoka, na wengi wetu tungefunga kitabu tukitikisa kichwa. Kezilahabi haanzii huko. Anaanzia nyumbani Ukerewe, kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Kwa kuanzia pale, mwandishi anatulazimisha kubeba kipigo kile akilini hadi ukurasa wa mwisho. Kila kosa la Rosa tunalolisoma baadaye lina kivuli cha baba nyuma yake. Uamuzi huo wa mahali pa kuanzia ndio unaobeba maudhui ya riwaya nzima. Mwanafunzi anayeandika "utangulizi: tunatambulishwa familia ya Zakaria" amepata alama, lakini mlango mkuu wa kitabu amepita kando yake.

Muhammed Said Abdulla alifanya kinyume katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Riwaya ya upelelezi huanza karibu na mwisho wa fabula: mauaji yamekwisha kutokea, na kazi ya Bwana Msa ni kurudi nyuma kutafuta mwanzo. Ndiyo sababu msomaji hukaa na taharuki. Anajua tukio, hajui lilianzia wapi, kwa hiyo hajui amlaumu nani. Aina nzima ya riwaya imejengwa juu ya swali moja: hadithi hii ilianza lini kweli? Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba mwanzo na lawama ni ndugu, mpe Bwana Msa.

Lakini mfano ninaouona mkubwa kuliko yote uko karibu nasi zaidi, katika Kivu yenyewe. Ni utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa mwenyewe Mnyanga. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anaamuru wake zake wote wazae wasichana tu. Mwindo anazaliwa mvulana. Baba anajaribu kumwua, anashindwa, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mwindo anamfikia shangazi yake Iyangura, anarudi kupigana, Tubondo inateketea, baba anakimbilia chini ya ardhi, na mtoto anamfuata huko hadi anamkamata.

Jaribu kuupandisha utendi huo kwenye ngazi ya Freytag. Kilele kiko wapi? Ungedhani ni pale baba anapokamatwa, na baada yake kisasi. Lakini kisasi hakiji. Mwindo anamrudisha baba nyumbani, waliokufa Tubondo wanafufuliwa, na linaitishwa baraza kubwa la watu wote. Mbele ya baraza hilo Shemwindo anatakiwa asimulie mwenyewe mambo yalivyoanza, naye anakiri kwamba yalianza na amri yake. Iyangura naye anasema neno lake na kumkosoa ndugu yake hadharani. Baada ya hapo ndipo utawala unagawanywa. Na hata hapo hadithi haiishi: Mwindo, shujaa mshindi, anaua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, na Nkuba anampandisha angani kuadhibiwa na kufundishwa kabla ya kurudi na sheria za kuwaongoza watu wake.

Ninachokiona katika utendi huo ni ufundi wa msuko ambao vitabu vyetu vya nadharia havina jina lake. Msimulizi anasimamisha matukio na kuwafanya wahusika wasimulie upya hadithi ileile tuliyokwisha kuisikia, kila mmoja mbele ya mwenzake. Kwa nini? Wasikilizaji wanajua tayari nani alimtupa nani majini, hawahitaji kukumbushwa. Inasimuliwa upya kwa kuwa suluhisho haliwezi kuja kabla wahusika wenyewe hawajakubaliana juu ya mwanzo. Baraza la Tubondo ni mahali pa kupatana juu ya sentensi ya kwanza. Na msimulizi hakuridhika kumwacha mshindi awe ndiye mwenye haki ya kudumu. Naye akapelekwa angani akapate mafunzo yake.

Ngano za pwani zina jambo la namna hiyo kwa ufupi. Msimulizi husema "Paukwa," na hawezi kuendelea mpaka wasikilizaji wajibu "Pakawa." Tumezoea kuliita hilo fomyula ya kufungulia tu. Naliona kuwa kitu kikubwa zaidi. Mwanzo huombwa, na wasikilizaji huukubali. Katika mambo ya jamii yetu, wako wasimulizi wengi wanaosema "Paukwa" bila kusubiri jibu.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mulenge ni jina la mahali katika milima iliyo juu ya bonde letu, ndani ya territoire ya Uvira. Kutokana na jina hilo likaja jina Banyamulenge, na kutokana na jina la watu likaja swali ambalo limeua wengi: walifika lini? Sitalijibu hapa, wanahistoria wana kazi yao. Nataka tu kuonyesha kwamba swali hilo lina umbo la swali la msuko, na kwamba dola yetu imelijibu kama msimulizi anayebadilisha mwanzo wa hadithi kila toleo jipya.

Zisomeni sheria za uraia mfululizo, kama mnavyosoma matoleo ya riwaya moja. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 ilitaka mtu awe na mzazi wa ukoo uliokuwa nchini kabla ya 18 Oktoba 1908. Sheria ya 5 Januari 1972 ilichukua, kwa watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu, tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya 29 Juni 1981 ikarudi nyuma hadi 1 Agosti 1885, wakati wa kuanzishwa kwa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II. Sheria ya 12 Novemba 2004 ikaupeleka mwanzo mbele tena, kwenye uhuru wa mwaka 1960. Katika miaka 40 mwanzo wa hadithi ya "sisi" umewekwa mahali pane tofauti. Hakuna babu aliyehama wala kuhamia kutoka sheria moja hadi nyingine, waliokuwepo walikuwepo. Fabula haikusogea hata hatua. Kilichosogea ni mwanzo, na pamoja nao wakasogea watu kutoka ndani ya hadithi kwenda nje yake na kurudi ndani.

Hali ni hiyohiyo tunapofika kwenye makaburi. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola, kusini mwa Uvira, wengi wao Babembe. Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa Gatumba, ng'ambo ya mpaka nchini Burundi, wengi wao Banyamulenge waliotoka huku kwetu. Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, katika bonde la Ruzizi, wengi wao Bafuliiru. Kila moja kati ya siku hizo ni mwanzo wa hadithi kwa jamaa za waliokufa, na nani atawaambia waanzie kwingine? Lakini kila moja pia huingizwa katika hadithi ya mwingine kama "majibu" ya jambo lililotangulia, na msimulizi mjanja ana tarehe ya nyuma zaidi mfukoni: 1996, au 1964, au ile ya mababu.

Hata ripoti iliyoandikwa kwa uangalifu haiwezi kukwepa kuchagua mwanzo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, ambayo wengi tunaiita Mapping, iliorodhesha matukio 617 kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Makobola imo. Gatumba na Mutarule hazimo, kwa kuwa pazia lilikwisha kufungwa mwaka 2003. Sisemi hayo kuilaumu ripoti. Kazi yoyote lazima iwe na mipaka. Nasema kwamba msomaji aliyefundishwa msuko ipasavyo angeuliza mara moja: inaanzia wapi, inaishia wapi, na nani amebaki nje ya mipaka hiyo? Msomaji aliyefundishwa ngazi tu angetafuta kilele.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, nami nayaona yana uzito.

Wa kwanza atasema: hiyo ni siasa, sisi ni watu wa fasihi, tusichome vidole. Ninajibu kwamba siasa ilikwisha kuingia katika fasihi bila kutuomba ruhusa. Hotuba zinazochochea watu hutumia vifaa vyetu: mwanzo uliochaguliwa, taharuki, mhusika mbaya asiye na kisengerenyuma, suluhisho linaloahidiwa. Mhubiri wa chuki ni msusi hodari. Sisi tunaojua majina ya vifaa hivyo tukikataa kuvitambua vikitumika nje ya riwaya, tumesomea nini?

Wa pili atasema jambo zito zaidi: ukifundisha kwamba kila mtu ana mwanzo wake, unawafundisha vijana kwamba hakuna ukweli, na muuaji atapata mahali pa kujificha. Huyu ninamheshimu, na kwa ajili yake ndiyo nimesisitiza tofauti ya fabula na siuzheti. Msuko hubadilika, matukio hayabadiliki. Waliokufa Makobola wamekufa popote utakapoanzia kusimulia, na waliokufa Gatumba na Mutarule vilevile. Anayesogeza mwanzo ili kuonyesha sababu anafanya kazi ya msimulizi. Anayesogeza mwanzo ili kumfuta maiti katika hadithi anafanya kitu kingine, na mwanafunzi aliyezoea kutenganisha kilichotokea na kinavyosimuliwa ndiye atakayemgundua kwanza. Tena, kueleza sababu hakumfutii mtu hatia. Zakaria ana lawama yake katika maisha ya Rosa, na matendo ya Rosa yanabaki kuwa matendo ya Rosa. Mwami anayesikia hadithi zote nne za shamba la mihogo bado atatoa hukumu kuhusu mguu wa ng'ombe na mkono wa mtoto. Atahukumu vizuri zaidi, basi.

Wa tatu ni mwalimu, na sauti yake ninaisikia kabisa: vijana wanafika hapa hawawezi hata kutaja vidato vitano, wewe unataka waruke juu ya ngazi? Hapana. Ngazi ibaki. Inamsaidia anayeanza kutambua kwamba hadithi ina mwendo. Ninachoomba ni kwamba isiwe dari ya somo.

Basi ninapendekeza mambo matatu, yote madogo, na hakuna linalohitaji fedha.

La kwanza ni kubadilisha swali la mtihani. Badala ya "Fafanua msuko wa riwaya hii," tuulizwe: "Riwaya hii ingeanzia wapi kama ingesimuliwa na mhusika mwingine? Tukio gani lingebadilisha kidato, na lawama ingehamia kwa nani?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa maelezo ya kukariri yanayopita kutoka mkono hadi mkono kila mwaka. Litamlazimisha mwanafunzi asome kitabu.

La pili linahusu kazi zetu za kukusanya fasihi simulizi. Wengi wetu huenda nyumbani likizoni na kurudi na ngano moja kutoka kwa bibi mmoja. Napendekeza kila anayekusanya akusanye kisa kimoja kutoka kwa wasimulizi watatu, ikiwezekana wa vijiji tofauti au wa lugha tofauti. Kuna Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge, Kinyindu, Kirundi, Kiswahili kinatuunganisha. Tuanze na visa visivyo na damu. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kubeba nyumba na watu mjini Uvira, wako wanaoanzia mvua ya usiku ule, wako watakaoanzia nyumba zilizojengwa kandokando ya mto, wengine miti iliyokatwa milimani, wengine vita vilivyowajaza watu mjini. Tukusanye, tulinganishe sentensi za kwanza tu. Kazi hiyo peke yake inatosha kujaza muhula.

La tatu ni kwa ajili ya semina zetu. Anayewasilisha hadithi, kabla ya kuanza, aseme kwa nini ameanzia pale alipoanzia. Wasikilizaji wapewe nafasi ya kumwuliza mwanzo mwingine. Itachukua dakika tano. Itatuzoeza kutojibu "Pakawa" kwa mazoea tu, na itatuzoeza pia kuulizwa bila kukasirika, jambo ambalo huku kwetu lina thamani kuliko cheti.

Aristotle aliandika kwamba mwanzo wa msuko ni kile ambacho si lazima kitanguliwe na kitu kingine. Kwa tamthilia, nakubali. Kwa maisha ya bonde hili na milima hii, mwanzo wa namna hiyo haupo. Nyuma ya kila tukio kuna tukio, na nyuma ya kila kaburi kuna mtu mwenye tarehe ya nyuma zaidi. Kwa hiyo anayesimulia hawezi kusema kwamba mwanzo ulijileta wenyewe. Aliuchagua, na anapaswa kuwa tayari kueleza kwa nini. Sisi wanafunzi wa lugha tungeanza kuwadai wasimulizi wetu maelezo hayo, katika riwaya, katika sheria, na katika hotuba za sokoni, na kwanza kabisa tujidai sisi wenyewe tunaposimulia habari za nyumbani kwetu.